Nyongo ya Hessel

Dakika tano hatugusi.
Ni sheria, na ni adabu pia.
Moyo wa Hessel Boonstra umenyamaza saa mbili na robo usiku,
nasi sita tumesimama nyuma ya mlango, glavu mikononi,
kama wageni waliofika kabla chakula hakijaiva.
Mimi nahesabu. Kazi yangu ni kuhesabu.
Nje, Groningen inapigwa na mvua ya mawe,
baiskeli zimeangukiana uani.

Mkewe, Froukje, alinikuta kwenye korido kabla:
"Litakaa kwenye baridi?"
Hakusema ini. Alisema "lile",
kama mtu anayechelea kuamsha mtoto.
Nikamjibu: mwanzo, ndiyo. Kisha tutalipasha joto.
Akaitikia kwa kichwa, akatoa mkobani soksi za sufi,
akaingia nazo kumvalisha mumewe.
Hakuna aliyemkataza.

Alikuwa fundi wa pampu,
zile zinazovuta maji mashambani na kuyarudisha baharini,
maana nchi hii imelala chini ya bahari
na pampu zikipumzika wiki moja ng'ombe wataogelea.
Aliteleza kwenye ngazi ya chuma, tochi mdomoni.
Ubongo ukavimba. Haukufa wote. Haukurudi.

Zamani ini kama hili tulimwachia mwenyewe azikwe nalo.
Damu ikishasimama, kila dakika hung'ata,
na vijia vya nyongo ndivyo hufa kwanza, kimyakimya,
hata aliyepewa akaja kugeuka manjano mwezi wa tatu
sote tukidhani amepona.
Barafu ilikuwa kukawiza tu.
Barafu haiulizi kitu, na haijibu.

Sasa kuna sanduku, na ndani yake pampu
ndogo kuliko ngumi yangu.
Saa mbili za baridi yenye oksijeni,
mpaka seli zikumbuke kupumua.
Kisha damu ya watu wasiojuana, nyuzi thelathini na saba,
na lile lililokuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi
likaanza kuiva kutoka pembeni,
likawa jekundu, likang'aa, zito bakulini mwake.

Saa saba, laktati nane.
Saa nane, sita.
Saa tisa, sita.
Daktari Wiersma akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.
"Saa moja zaidi," akasema. "Baada ya hapo tunajidanganya."

Ghorofa ya tano yuko mtu aliyefunga tangu adhuhuri.
Simjui. Najua kundi la damu, kilo, miaka arobaini na sita.
Ameitwa mara mbili.
Mara mbili amerudishwa nyumbani na begi lake.

Nikabaki na mashine.
Mimi mtu mzima, mwenye deni la nyumba na paka wawili,
nikaliinamia ini nikasema nalo:
Hessel, maji yanapanda.

Sidai kwamba lilisikia.
Ila saa kumi kasoro, ndani ya mrija mwembamba,
kitu kikajongea,
cheusi kwa mbali, na kwa karibu
rangi ya asali iliyoungua kidogo.
Tone. Kimya kirefu. Tone.
Nyongo, mkalia ini,
wewe unayetajwa watu wakitaka kusema uchungu,
nani alikungoja usiku kucha hivi,
nani alikuhesabu kwa kidole?
Laktati: mbili. Kisha moja nukta nne.
Nikapiga simu ghorofa ya tano, sauti ikanikwama,
muuguzi akauliza mara mbili nani anapiga.

Froukje atapata barua baada ya wiki sita.
Haitakuwa na jina. Itasema: mtu mmoja, anaendelea vizuri,
kama ataendelea vizuri.
Nimeisoma fomu yake mbele na nyuma,
haina mahali pa kuandika
kwamba soksi tulimwachia miguuni,
kwamba lile halikukaa kwenye baridi hadi mwisho.